Kamasi nyeusi

Jumanne jioni, Kariobangi South, Nairobi. Baridi ya Julai haina huruma.

Nilimtuma kijana wangu kwa mama mboga: nyanya za 20, dania, na akirudi apitie dukani achukue kiberiti. Akarudi na nyanya. Nilipomuuliza dania iko wapi, akaitazama mikono yake kana kwamba itachipuka hapo. Kiberiti hata hakukumbuka kama kilitajwa. Nilimkaripia vibaya, nikamwambia kichwa chake ni ungo. Ana miaka 9, yuko Gredi ya 4, na mwalimu wake alishaniambia neno kama hilo, ila kwa adabu zaidi.

Kisha akapiga chafya. Nikampangusa pua kwa kitambaa cheupe, na kamasi ikaacha mistari myeusi, kama ya mtu aliyetoka kufagia masizi jikoni kwa shosh. Si mara ya kwanza. Watoto wote wa ploti yetu wako hivyo, nasi tumezoea.

Usiku usingizi ulinipaa, nikashika simu nikasoma hewa chafu inaufanya nini ubongo wa mtoto.

Barcelona kuna utafiti uliochapishwa 2015, uliofuatilia wanafunzi zaidi ya 2,700 wa miaka 7 hadi 10 katika shule 39. Kilichonigusa ni jambo moja walilolipima: uwezo wa kushika mambo kadhaa akilini huku ukiyatumia. Yaani nyanya, dania, kiberiti. Kwa miezi 12 uwezo huo ulikua kwa 11.5% katika shule zenye hewa nafuu, na 7.4% katika zile zenye hewa chafu. Na hiyo ni Barcelona! Sidhani huko kuna mtu anayechoma nepi nje ya geti lako asubuhi.

Zinazosumbua zaidi ni chembe zisizozidi mikromita 2.5, unywele mmoja unazishinda unene mara 20 na zaidi. Zilizo ndogo kabisa hupenya mapafuni hadi kwenye damu, na wanasayansi wanaona kuna njia nyingine pia, ya mkato: mishipa ya kunusa, kutoka puani moja kwa moja hadi ubongoni. Mtoto, kwa kila kilo ya uzito wake, huvuta hewa nyingi kuliko mimi, na pua yake iko karibu na ekzosi ya matatu. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Kwa hiyo dada yake wa miaka 15, ambaye hasira zake nimezisema hadi nikachoka, naye bado yuko jikoni, hajaiva.

Halafu kuna jaa la taka la Dandora, ng'ambo tu hapo. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 wanaoishi karibu na jaa lile. Nusu yao damu ilikuwa na risasi (madini, si ya bunduki) ya kiwango kilichohesabiwa kuwa sumu. Risasi kwa ubongo wa mtoto haina kiasi cha "kidogo si neno". Petroli yetu iliacha kutiwa risasi 2006. Jaa bado linafuka moshi, na upepo ukigeuka tunafunga madirisha.

Sisemi moshi ndio uliosahau dania. Pengine alikuwa anawaza mpira. Utafiti huhesabu maelfu, haumjui wangu. Lakini aliyemwita ungo ni mimi, na jiko la mkaa lililokuwa katikati ya chumba kwa sababu ya baridi, aliyeliingiza kabla moto haujashika ni mimi vilevile.

Jumatano nilimwomba msamaha kwa mandazi; kwa maneno nilishindwa. Nikaamua pia tusifuate barabara kubwa ya Outer Ring kwenda shule, tupite vichochoro vya nyuma, hata kama ni dakika 10 zaidi. Akafurahi, maana huko kuna mbwa anayemjua.

Tulifika kona ya tatu. Mzee mmoja alikuwa amekusanya taka zake: chupa za plastiki, nepi, kipande cha godoro. Akatuamkia vizuri, akawasha. Kijana akavuta kola ya sweta hadi machoni.

"Mama, hii ndiyo njia ya hewa safi?"

Tukarudi Outer Ring.