Kidonda cha kifundo na chemba ya Matemwe

Kidonda cha mguu kikikataa kupona, mtaani kwetu huitwa kidonda ndugu, na kila jirani ana majani yake ya kukutwangia. Changu kina jina jengine: livedoidi vaskulopathia. Damu huganda ndani ya vijishipa vya ngozi, khasa kuzunguka vifundo, ngozi ikakosa oksijeni na kufa. Vidonda vyenyewe ni vidogo, maumivu ndiyo makubwa, na vikipona huacha kovu jeupe kama kigae cha sahani. Kwa kuwa maradhi haya ni adimu, mara nyingi hudhaniwa ni vaskulitisi, yaani kinga ya mwili kuishambulia mishipa ya damu, mtu akameza steroidi, dawa za kutuliza kinga, ambazo kwa kawaida hazimfai kitu. Kipande cha ngozi cha kupelekwa maabara kikatwe ukingoni mwa kidonda kipya, tena kifike kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Kikikwanguliwa juu juu, mgando unaweza usionekane.

Dawa ya msingi ni ile ya kuzuia damu isigande. Chemba ya oksijeni, yaani chumba kilichofungwa ambamo unavuta oksijeni huku shinikizo la hewa limepandishwa, ni nyongeza kwa vidonda vilivyogoma, na ushahidi wake umetoka kwa wagonjwa wachache. Kwa hiyo sikuacha tembe hata siku moja. Tembe yenyewe ni rivaroksabani, na ile ya miligramu 15 au 20 humezwa pamoja na chakula. Ramadhani naimeza na futari. Diklofenaki, ile ya maumivu ya duka la dawa, siigusi, maana zikikutana hizo mbili hatari ya kutoka damu hupanda.

Chemba ya Matemwe, huku Unguja, kazi yake khasa ni kutibu wazamiaji. Piga simu kabla ya kutoka nyumbani. Akiletwa mzamiaji aliyepanda juu haraka mno, tiba inayotumika sana, ile ya jedwali la 6 (ratiba ya shinikizo na oksijeni ya kutibu wazamiaji), huchukua saa 4 na dakika 45, na zamu yako imeshaondoka.

Kikao changu ni hivi: shinikizo hupandishwa hadi angahewa 2.4, sawa na kukaa mita 14 chini ya bahari. Navuta oksijeni tupu dakika 30, naivua barakoa dakika 5, narudia mpaka zitimie 30 mara tatu. Zile dakika 5 usizidharau. Zinapunguza hatari ya degedege la oksijeni. Siku 5 kwa wiki, vikao 20 hadi 40. Kwa shinikizo hilo oksijeni huyeyuka ndani ya maji ya damu yenyewe, ikafika hata pale chembe nyekundu zinapopita kwa shida.

Kinachowashinda wengi ni sikio. Mita 10 za mwanzo hewa ya ndani ya sikio hupungua hadi nusu ya ujazo wake, ndiyo maana taabu yote iko mwanzoni, si chini. Meza mate, chezesha taya, au bana pua upulize polepole, na uanze kabla hujasikia maumivu. Ukingoja mpaka liume, mrija wa kutoka sikioni hadi nyuma ya pua umeshajifunga, na kupuliza kwa nguvu kunaweza kupasua ngoma ya sikio. Inua mkono mara moja. Msimamizi atapunguza shinikizo kidogo, ujaribu tena. Ukiwa na mafua, usiende. Na mwishoni, shinikizo linaposhushwa, usizuie pumzi hata kidogo.

La pili ni barakoa. Ikivuja shavuni unavuta hewa ya kawaida, na kikao kimekwenda bure bila wewe kujua. Mikanda yake huteleza juu ya mtandio wa nailoni, basi mimi navaa kofia ya pamba iliyobana kichwa. Baibui la poliesta linabaki nje kwa sababu ya cheche, maana penye oksijeni nyingi moto hushika upesi. Ndani ni kanga mbili za pamba. Mafuta ya nazi, manukato na vaselini havitakiwi, wala simu wala kiberiti. Kama una kisukari, kula na upime kwanza, kwani sukari hushuka ndani ya chemba.

Safari nayo ina hesabu yake. Kwenye daladala mguu huning'inia ukavimba, na mguu uliovimba hauponi. Nilipopata gari nilikaa nyuma, mguu juu ya kiti.

Kila Ijumaa nafunika kidonda kwa karatasi ya plastiki safi, nachora ukingo wake kwa kalamu ya wino na kuandika tarehe. Macho ya mgonjwa hudanganya, mchoro haudanganyi. Michoro ikifanana baada ya vikao 20, muulize daktari kama kuna haja ya kuendelea.

Baada ya wiki kadhaa nilianza kusoma bila miwani, huku sioni vizuri vya mbali. Ni oksijeni inayogeuza lenzi ya jicho kwa muda. Usinunue miwani mipya. Ngoja miezi miwili au mitatu baada ya kikao cha mwisho, ndipo upimwe.