Kisu chenye shairi

Krete, kile kisiwa cha Ugiriki, nilienda na nia ya dhahabu, na nia ikazidi tulipoingia makumbusho ya Heraklion nikakiona kile kidani cha nyuki kilichofukuliwa Malia. Nyuki wawili wa dhahabu wamekumbatia tone la asali, kina zaidi ya miaka 3,600, na ukiinama karibu na kioo unaona vitone vya dhahabu kama punje za mchanga, vimegandishwa kimoja kimoja. Sonara wa zama zile hakuwa na taa ya umeme jamani! Nilikaa hapo mpaka mume wangu akarudi kunitafuta.

Basi tulipofika Chania, ile bandari ya zamani iliyojengwa na watu wa Venice, nyuki wangu nikamkuta kila dirisha la duka, wa dhahabu, wa fedha, wengine wamepakwa rangi tu. Na zile hirizi za jicho la bluu wanazoita mati ndo usiseme, maana Wagiriki nao wanaogopa kijicho kama sisi. Jioni ya kwanza nikanunua pete kwenye duka moja pale mbele ya maji, nikaambiwa fedha tupu, nikaamini, siku ya tatu kidole kimekuwa kijani. Iliniuma sana, si kwa pesa, ni kwa vile nilikuwa nimeipenda. Kwa hiyo ndugu yangu ukienda, geuza pete uangalie ndani, fedha inapigwa muhuri wa 925, dhahabu ya karati 14 ni 585 na ya 18 ni 750, na kama macho hayaoni omba lenzi, sonara wa kweli atakupa kwa furaha.

Mtaa wa Skridlof ni wa ngozi, nikachukua makubadhi jozi moja, mazuri tu, tukapita. Tulipokata kuingia Sifaka, mtaa wa mafundi visu, hapo ndo niliposimama.

Visu vya Krete vina mpini wa pembe au mfupa au mti wa mzeituni, na kwenye bamba lenyewe la chuma wanachora maandishi. Nikadhani ni jina la fundi. Mzee mwenye duka akaniambia hapana, hiyo ni mantinada, shairi la mistari miwili yenye kina, akanisomea huku anagonga meza kwa kidole, silabi nane, akapumua, silabi saba, mstari wa pili vilevile. Mwili ulinisisimka, maana babangu akitunga anagonga hivyohivyo, nane kwa nane! Nikamgongea na mimi ubeti wa kwetu, mzee akafuata hesabu na kichwa, akafika kumi na sita akacheka kwa raha, halafu akanyoosha kidole kwenye leso niliyojitanda kwa ajili ya jua, akauliza, na hapo pameandikwa nini? Nikamwambia ni jina la leso, mgeni njoo mwenyeji apone, nikamweleza kwetu mtu anamnunulia mwenzake leso kwa ajili ya maneno yake, ua linafuata baadaye. Akasema kisu nacho ni hivyo, unachagua shairi kwanza ukimfikiria unayempelekea.

Nyuki sikumnunua tena. Nilichukua kisu cha mpini wa pembe, chenye maneno ya mtu anayempa mwenzake wa moyoni kitu cha kumlinda, mzee akanifungia kwenye kitambaa, nikakitia kwenye sanduku linaloshushwa chini ya ndege maana mkononi hawakuruhusu nacho.

Sasa kiko Mombasa kwa baba. Hasomi Kigiriki, mimi pia sisomi, lakini nilimwandikia maana yote kama nilivyoambiwa, na tangu wiki iliyopita anaigeuza iwe ya mizani kumi na sita. Jana usiku kanipigia, mstari wa kwanza umekaa, kina cha kati cha mstari wa pili ndo bado kinamkimbia.