Noeli tuliyoipeleka Kasenga

Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, Noeli ni sufuria. Mimi ndiye mtoto mkubwa, kwa hiyo ukoo mzima hula kwangu: mbuzi, kuku, sombe (majani ya muhogo), bukari, yaani ugali, ya watu arobaini. Mwaka baada ya mwaka sikukuu iliisha sijakaa na baba hata nusu saa. Septemba iliyopita, akiwa na miaka 78, aliniambia, "Mama, nataka kuona Luapula tena." Alizaliwa Kasenga, kando ya mto huo unaotutenganisha na Zambia, kilomita 200 na ushei kutoka hapa.

Niliyemwogopa ni shangazi. Kwake yeye, kufunga mlango siku ya Noeli ni kufukuza wageni. Sikumpigia simu. Nilimfuata kwake na kitenge na sukari, nikakaa chini, baba akasema mwenyewe. Shangazi alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama kwenye gari kuna nafasi yake. Anayefikiria safari kama hii awaendee wazee mapema, uso kwa uso. Wakisikia Desemba, na kwa mdomo wa jirani, ni tusi.

Pesa zilipatikana kwa kuacha nguo mpya za watoto na mbuzi. Kila nyumba ilitoa fungu lake, tukakodi basi dogo. Kwa kuwa ni majira ya mvua, tuliondoka alfajiri ya tarehe 24 ili giza lisitukute njiani, na misa ya usiku tukaisali Kasenga.

Wajukuu walikuwa wameahidiwa samaki. Bahati nzuri niliuliza kabla: ni miezi ya samaki kuzaa, na ng'ambo, upande wa Zambia, uvuvi hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Nikabeba kuku, unga, na sombe iliyokwisha kutwangwa.

Watoto walipolalamika, baba aliwaita ukingoni. Akawasimulia mpumbu, samaki waliokuwa wakipanda mto kwa makundi mvua zikianza. Wafanyabiashara Wagiriki waliwanunua hapo Kasenga na kuwapeleka Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kulisha wafanyakazi wa migodi. Nyavu ziliwangoja njiani, matumbo yamejaa mayai, mwaka hata mwaka, mpaka makundi yale yakapotea. "Tulikula watoto wao kabla hawajazaliwa," alisema. Mwanangu wa miaka tisa hakuuliza samaki tena.

Jambo moja la nyumbani sikuliacha: kila Noeli baba huweka mkono juu ya kichwa cha kila mjukuu na kumbariki. Safari hii alibariki akitazama mto, kwa Kibemba, lugha ambayo wengi wao hawajawahi kumsikia akiisema. Shangazi alikuwa akiwafasiria, huku analia.

Vyombo vilibaki vichafu. Nilikaa kando ya baba mpaka mvua ikatuondoa.