Pauni 30 za kuona ngazi

Mvua ya London haina adabu. Ya kwetu Tanga ikija inakuja, ikimaliza inaondoka. Hii ilininyunyizia tangu stesheni mpaka kwenye ngazi za Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, na kijana aliyetuongoza bado anasema leo hali ni nzuri.

Nilikuwa nimelipa pauni 30, kama laki moja za kwetu, kwa matembezi ya kufuata nyayo za yaya wa ajabu. Binamu yangu alinionya: "Kaka, hela hiyo unakula biriani siku tatu." Sikumsikia. Filamu ya yaya huyo, Mary Poppins, niliitazama nikiwa na miaka saba, kwenye video ya jirani, na nilitaka nisimame pale alipoketi yule bibi muuza chakula cha njiwa.

Basi tukafika, watu kumi na mmoja na miavuli yetu. Nikatoa simu. Mtoto mmoja wa msafara akauliza: bibi aliketi ngazi ya ngapi? Kijana akajikuna shingo.

"Kusema kweli, aliketi California."

Kumbe filamu ile ya 1964 ilishutiwa kwenye studio za Disney, Burbank. Hata mtaa wa yaya ulijengwa ndani ya banda. Kuba la kanisa, mapaa yenye moshi, jiji la usiku, vyote ni rangi juu ya vioo, kazi ya Peter Ellenshaw, mzaliwa wa London aliyeuchora mji wa kwao akiwa ng'ambo. Penye watu aliacha wazi, waigizaji wakaja kuunganishwa baadaye. Na Julie Andrews, aliyeigiza yaya, alipokuwa kwenye nchi ya katuni, nyuma yake palikuwa na pazia jeupe tu, limemulikwa kwa taa za sodiamu, manjano ile ya taa za barabarani. Kamera ilikuwa na prizimu iliyogawa mwanga kwenye mikanda miwili: mmoja wa watu, mwingine wa vivuli vyao. Ndiyo maana wakakatwa safi, hata shela nyembamba ya kofia ikabaki inaonyesha upande wa pili.

Kijana alieleza vizuri, nisimdhulumu. Ila mbona hakueleza kabla ya kupokea hela?

Kuingia kanisani kuna kiingilio kingine. Nikaona imetosha. Tukamalizia Chelsea, Smith Street namba 50, alikoishi P. L. Travers, mwandishi wa vitabu vya yaya huyo: kibao cha buluu cha kumkumbuka ukutani, mlango umefungwa, kwaherini.

Siku nne zilizofuata nilikuwa kitandani na mafua.

Hapo ndipo nikamkumbuka Dada Zaina, yaya wetu. Filamu ile aliitazama amesimama mlangoni, mdogo wangu mgongoni. Yaya wa kwenye video alipodai apumzike kila Jumanne ya pili, Dada Zaina aliguna: "Na bosi kakubali?" Mama alijifanya hajasikia. Dada aliondoka kwetu kwa basi la Korogwe, bila upepo wala mwavuli wa kumpaisha kama yaya wa filamu, na mshahara wake wa mwezi wa mwisho ulimfuata baadaye sana.

Nikamtumia picha ya zile ngazi. Akajibu kwa sauti, kuku wakilia nyuma yake: "Mbona patupu? Bibi wa njiwa yuko wapi?"

Nikamweleza habari za California.

Akacheka. "Kumbe na yeye alifuata kazi mbali."