Kukimbia Karura bila gari na bila viatu vya bei

Magoti yangu yalichoka na lami kabla mimi sijachoka kukimbia. Nakaa Pangani, na mtu wa Pangani akitoka asubuhi kukimbia, chini yake ni lami au saruji, na kando yake ni matatu inayopuliza moshi. Nikaanza kuuliza watu: hapa Nairobi mtu anaweza kukimbia wapi juu ya udongo?

Ukitaka kujua kwamba kila Mnairobi ni kocha, uliza swali hilo ofisini. Mmoja akasema bila viatu vya kukimbilia msituni, elfu ishirini kwenda juu, nitateguka kifundo. Mwingine akaniambia msitu wa Karura ni wa watu wa Muthaiga na Runda wenye magari, nisijisumbue. Wa tatu ndiye aliyeniponza. "Dada, mbona unahangaika? Nenda Michuki Park, ufuate mto Nairobi. Njia iko moja kwa moja, utakimbia mpaka uchoke mwenyewe."

Michuki Park yenyewe sina ugomvi nayo. Iko kati ya Museum Hill na Globe, mto unapita pembeni, na wanaokumbuka pale palivyokuwa jaa la taka watakwambia kazi iliyofanyika si ndogo. Nikazunguka, nikapasha misuli, kisha nikafuata mto nilivyoelekezwa.

Baada ya Globe ile njia ikakonda hadi upana wa mguu mmoja, halafu nikajikuta Grogan. Asiyepajua Grogan: ni gereji na maduka ya vipuri nyuma ya Kirinyaga Road, mpaka ukingoni mwa mto. Udongo wake ni mweusi kwa oili, unang'aa, na ukikanyaga unateleza kabla hujajua. Nikawa naruka gia boksi, nabana tumbo kupita kati ya matatu mbili zisizo na milango, huku nimevaa ile taitsi ya rangi ya chungwa niliyonunua kwa shangwe. Mafundi wakasimamisha kazi. Kijana mmoja akachungulia kutoka chini ya gari akaniuliza kwa heshima zote, "Mathe, unakimbizwa na nani?" Nikamjibu nafanya mazoezi. Akawaita wenzake waje wasikie.

Nikasonga mbele kidogo kwa ubishi tu. Mto pale unanuka kiasi kwamba ukivuta pumzi ya mbio unaionja. Nilipofika mahali pa mabati yaliyoingia hadi majini, na mbwa wawili juu ya rundo la magunia, nikapanda barabarani na kutafuta boda. Yule mwenzangu, nilipombana Jumatatu, akakiri hajawahi kupita pale kwa miguu. Aliiona njia kwenye ramani ya simu.

Basi nikaenda huko huko Karura nilikokatazwa, na bila gari. Unapanda matatu ya Ruaka pale Ngara, unamwambia konda akushushe langoni, Limuru Road. Nauli ni pesa ya chai na mandazi. Kiingilio cha mwananchi nacho hakiumizi, ila beba simu yenye chaji maana noti hazipokelewi. Lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Jumamosi fika mapema kabla vikundi havijajaa.

Msitu una zaidi ya hekta 1,000 na njia zake zinazidi kilomita 50, karibu zote za udongo mwekundu, nyingine pana za kupita gari la walinzi, nyingine nyembamba chini ya miti ambako unamsikia kima kabla hujamwona. Mama yangu bado hushtuka nikimwambia nakimbia huko peke yangu, kwa sababu kwa watu wa rika lake Karura ni mahali pa kutupwa maiti na kunyang'anywa. Namkumbusha kwamba msitu huo umepiganiwa: Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na wenzake walipigwa langoni pale Januari 1999 walipokwenda kupanda mche, wakati ardhi ilikuwa imeshagawiwa watu wa kujenga nyumba. Siku hizi kuna ua wa umeme na walinzi. Mtu ninayemwogopa humo ni mwendesha baiskeli anayeshuka mlima bila kupiga kengele.

Kupotea sasa. Makutano ya njia yana namba, na kila mtu atakushauri uzikariri. Mimi nilijaribu kuziandika kwa kalamu mkononi; jasho likazifuta kabla sijafika kwenye mapango. Ujanja wangu ni mto, na huu sikupewa na mtu. Mito ya humo inatoka juu upande wa Kikuyu na Limuru na kuteremka kuelekea mashariki. Kwa hiyo nikichanganyikiwa, nashuka bondeni hadi nione maji, naangalia jani linaelea kwenda wapi. Linakoelekea ni upande wa Kiambu Road. Linakotoka ni upande wa Limuru Road, na matatu yangu. Niliwahi kuwarudisha vijana watatu wenye saa za bei waliokuwa wanabishana na setilaiti. Walinifuata kimya kabisa!

Viatu: nilikwenda Gikomba nikanunua daluga za mtumba, zile za vimeno vidogo vidogo vya mpira za kuchezea uwanja wa nyasi bandia. Mia nane, au tisa, tulivutana sana. Matope mekundu yakishanyeshewa hushika soli mpaka unahisi umevaa matofali, lakini vimeno hivi huyatema ukipiga mguu chini. Kwenye mawe ya karibu na maporomoko tembea tu, hapo hakuna kiatu cha kujitapa nacho. Nyumbani jaza magazeti ndani ya viatu, usivianike juani.

Siku za kazi, nikiwa na nusu saa tu, naenda Arboretum. Ni hekta 30 hivi, mahali palipoanzishwa 1907 kujaribia miti ya kigeni ya kuwasha injini za reli, kwa hiyo unapita chini ya majina usiyoyajua yaliyopigiliwa kwenye vigogo. Angalia mizizi. Na usile ndizi hadharani, tumbili wa pale hawaombi.

Jambo ambalo hakuna kocha wa ofisini aliyenitajia ni safari ya kurudi. Mara ya kwanza nilipotoka Karura baada ya mvua, konda alinitazama kuanzia miguuni, akaweka mkono mlangoni. "Mathe, hizo viti zimeoshwa leo." Nilisimama kando ya barabara mpaka ikaja ya konda mwenye huruma. Tangu hapo leso haikosi kwenye mkoba: natandika kitini kwanza, ndipo nakaa.