Quatermass ya 1953: kabla hujalaumu picha, kagua rimoti

Wanaorudi kutazama The Quatermass Experiment, mfululizo wa televisheni wa BBC wa hadithi za kubuni za kisayansi, huwa na manung'uniko mawili: picha mbovu, hadithi haina mwisho. Yote ni kweli, ila si ubovu wote wa BBC. Sehemu yake imo kwenye menyu ya televisheni ya sebuleni.

Anza na umbo la picha. Mfululizo ulirushwa kwa uwiano wa 4 kwa 3, na vioo vya siku hizi ni 16 kwa 9. Televisheni ikiivuta picha ijaze kioo, kila uso unanenepa kwa theluthi moja, na Reginald Tate, aliyeigiza Profesa Quatermass, anageuka kibonge. Ukikuza badala ya kuvuta, unakata robo ya kimo: vipaji vya uso juu, videvu chini. Weka 4:3, uvumilie weusi kushoto na kulia.

Kisha zima ule ulainishaji wa mwendo, ambao LG huuita TruMotion na Sony Motionflow. Kazi yake ni kubuni picha za katikati, na kwenye picha hafifu yenye chenga hubuni vibaya: mkono ukipita haraka mbele ya ukuta, kingo zake zinachanika. Punguza na ukali wa picha hadi karibu na mwisho. Matangazo ya wakati ule yalikuwa na mistari 405 tu. Ukali hauongezi hata mmoja, unachora ukingo mweupe kuzunguka vichwa vya watu.

Kinachobaki baada ya hapo ni cha 1953, na hicho hakitibiki. Mfululizo uliigizwa mubashara katika Studio A ya Alexandra Palace, London, kuanzia tarehe 18 Julai hadi 22 Agosti, kila Jumamosi usiku, kwa kamera za Emitron zilizofungwa tangu studio ilipofunguliwa mwaka 1936. Kamera hizo zilikuwa na tabia ya kumwaga mawingu ya weusi na weupe upande mmoja wa picha. Usihangaike na kontrasti. Ukiua wingu la kushoto, unaua na uso wa kulia.

Na kwa kuwa hapakuwa na kanda za video, kurekodi kulimaanisha kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni na kupiga kinachopita. Ndiyo maana katika sehemu ya pili utaona mdudu anatambaa juu ya picha, na hana habari na waigizaji. Hakuwa studioni. Alitua kwenye kile kioo kilichokuwa kinapigwa filamu, akakaa dakika kadhaa. Usifute skrini yako.

Sehemu hizo mbili za kwanza ndizo zilizorekodiwa. Nne zilizofuata zilipita hewani zikaisha. Roketi imekwenda na watu watatu, ikarudi na mmoja, Victor Carroon wa Duncan Lamont, halafu unabaki mikono mitupu. Dawa ni kusoma. Seti ya DVD ya 2005, The Quatermass Collection, ina miswada ya sehemu zilizopotea katika faili za PDF, na mwandishi wake, Nigel Kneale, anasomeka vizuri hata bila picha. Mbadala usiofaa ni filamu ya 1955 ya kampuni ya Hammer: kule dude analogeuka Carroon linauawa kwa umeme, ilhali kwenye televisheni profesa analishinda kwa kusema na wale watu watatu waliomezwa ndani yake. Ni tofauti kubwa mno ya kuziba nayo pengo.

Ukifika kwenye mswada wa kanisa la Westminster Abbey, lijue dude lenyewe: glavu zilizobandikwa majani na takataka nyingine. Kneale na Judith Kerr, aliyekuja kuwa mke wake, walizivaa na kupenyeza mikono kwenye picha ya kanisa iliyokuzwa. Mubashara, bila nafasi ya kurudia.

Mfululizo uliofuata, Quatermass II ya 1955, upo wote, sehemu sita, huku John Robinson akishika nafasi ya Tate aliyefariki. Lakini ukiwa na usiku mmoja tu, chagua Quatermass and the Pit, ya Desemba 1958 hadi Januari 1959, yenye André Morell. Toleo la 2005 lilirudishia mandhari za studio mwendo wao laini wa awali kwa mbinu iitwayo VidFIRE, na vipande vingi vilivyopigwa kabla kwenye filamu vikachukuliwa kutoka nakala nzuri za milimita 35. Kwa hiyo ukiona shimo la mjengo linang'aa kwa undani wa filamu, kisha chumba kinachofuata kina wepesi wa televisheni, acha rimoti chini. Mshono huo ni wao, hata watazamaji wa 1958 waliuona.