Wajinga Katika Mambo Mabaya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tunasoma Warumi 16:17–20, na kuna neno linalokwaza. Paulo anataka tuwe "wenye hekima katika mambo mema, na wajinga katika mambo mabaya." Hapa Moshi ukimwita mtu mjinga umemtukana. Mtume anatutukana?

Tuanze na mjinga wa Mithali. Kiebrania kinamwita peti, neno la mzizi wenye maana ya kuwa wazi: nyumba isiyo na mlango, mgeni anaingia na mwizi anaingia. Mithali 1:22 inawataja watu watatu: wajinga, wenye dharau na wapumbavu. Mpumbavu anachukia maarifa. Mjinga hajayapata bado, na sura hiyohiyo, mstari wa 4, inasema kitabu kimeandikwa kuwapa wajinga werevu. Hata Kiswahili cha pwani cha zamani kiliweza kumwita mjinga mtu aliyefika juzi, asiyeujua mji. Tunakosea sana tunapomkaripia mjinga kana kwamba ni mpumbavu. Akiaibishwa anaacha kuuliza, na asiyeuliza ndiye anayeliwa.

"Mjinga huamini kila neno," inasema Mithali 14:15. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" unajulikana, na bado unawanasa watu, kwa sababu humkuta mtu ambaye kweli alikuwa anajiandaa kutuma ada au kodi. Mwenye busara, mstari unaendelea, huangalia sana aendavyo. Basi aangalie hivi: asijibu; ampigie anayetaka kumtumia kwa namba yake ya siku zote, asiipige ile iliyoandika, na asikie sauti. Akiambiwa fedha imeingia kwake kimakosa, afungue menyu mwenyewe atazame salio, maana ujumbe mtu yeyote anaweza kuubuni. Namba ya tapeli aitume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu hapa Tanzania.

Neno la Paulo ni jingine kabisa. Kwa Kigiriki ni akeraios, yaani kisichochanganywa. Lilisemwa juu ya divai isiyotiwa maji. Sisi tufikirie maziwa. Akina mama wanaopeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia wanaijua laktomita, kipimo kinachoelea ndani ya maziwa kuonyesha uzito wake: kwenye maziwa halisi ya ng'ombe husoma 28 hadi 32 hivi, yakitiwa maji inazama na namba inashuka. Mwenye hila huongeza sukari ili namba ipande tena, kwa hiyo mpokeaji makini haishii kwenye kipimo kimoja.

Akeraios limo mara tatu tu katika Agano Jipya, na Biblia yetu ya Union, ya 1952, imelitafsiri kwa namna tatu: "wapole" kama hua (Mathayo 10:16), "wajinga" hapa Warumi, na wasio na "udanganyifu" katika Wafilipi 2:15. Anayesoma "wapole" peke yake hudhani Yesu anasifu unyonge. Lakini anamtaka mtu mmoja awe na vyote viwili: akili ya nyoka inayoitambua hila, na moyo wa hua usioitumia.

Rudini kwenye mstari wa 18. Waliodanganywa kwa maneno laini wanaitwa "watu wanyofu", na Paulo hawalaumu kwa unyofu huo, anawaongezea hekima. Kijana anayekwenda Arusha kutafuta kazi kwa mara ya kwanza anahitaji kuambiwa wazi: ukidaiwa hela ya fomu kabla ya usaili, usitoe, ifike ofisi kwa miguu yako, nenda na mtu, mkataba usome kabla ya kutia sahihi. Hayo ni mafundisho ya Mithali. Lakini tukimwambia kwamba mjini usipopiga utapigwa, hapo tumeyatia maji maziwa kwa mkono wetu.

Walimu wa kipaimara, Jumamosi hii someni Mithali 14:15 na Warumi 16:19 pamoja. Kisha waacheni watoto waulize kwanza, hata maswali yanayoonekana madogo, na yeyote asichekwe.